Cherero Aliyegeuka Mkali: Maswali ya Wafugaji wa Mwanza na Majibu Yetu

Barua zilizotufikia mwezi huu kutoka Mwanza na mwambao wa ziwa karibu zote zinamlalamikia ndege mmoja: cherero, yule kasuku mdogo ambaye sokoni anaitwa lavubedi. Alikuwa mpole, sasa anauma. Jibu la kwanza ni refu kuliko yote kwa kuwa mengine yanaliegemea. Mwenye haraka asiliruke.

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nina lavubedi mmoja wa kijani mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, ana mwaka mmoja na ushee. Nilimlea tangu hajaota manyoya vizuri, alikuwa anasinzia begani kwangu. Sasa nikiingiza mkono kubadilisha maji ananirukia na kuuma mpaka damu inatoka. Akiwa nje anachana daftari za mtoto vipande virefu virefu na kuvipeleka nyuma ya kochi. Cha ajabu, nikimpapasa mgongoni jioni anatulia, anainama na kuinua mkia. Mume wangu anasema ndege amepata kichaa. Nimgonge kidogo mdomoni kwa kidole ili ajue ni kosa? (Dada wa Nyegezi)

JIBU: Usimgonge, dada. Huyo ni ndege wa gramu 50 hivi, na kidole cha mtu mzima kinaweza kumvunja taya. Wala hana kichaa. Kwa maelezo yako ni jike, na mwili wake unamsukuma atafute mahali pa kutaga.

Ndege uliyemweleza ni cherero wa Fischer, mwenyeji wa huku huku kusini mwa ziwa. Hukomaa akiwa na miezi 8 hadi 12, na wengi huanza ukorofi katika umri huohuo wa ndege wako. Vile vipande virefu vya karatasi ni vifaa vya kujengea. Fischer huvibeba mdomoni, wakati cherero wa uso wa waridi huvichomeka kwenye manyoya ya kiunoni na kuruka navyo. Dume naye huchana, lakini kazi yake huwa ovyo na hana haja ya kuihifadhi. Nyuma ya kochi ameshapafanya kiota. Na kuinama huku mkia ukiwa juu unapompapasa mgongoni ni mwaliko wa kupandana. Kwa ufupi, nje ya kizimba mkono wako ni mume wake. Ukiingia ndani ya kizimba, mkono uleule ni mvamizi wa nyumba. Katika jamii ya cherero jike ndiye mwenye ukali wa kulinda kiota, na anakilinda hata pasipo yai.

Kwa hiyo tiba si adhabu. Ni kuondoa vile vinavyouambia mwili wake kwamba huu ni wakati wa kuzaa. Anza na kiota, maana kikibaki hicho hata mengine yote ukiyafanya hupati kitu. Ondoa kizimbani kifuu cha nazi, kikapu, kiboksi, chungu, kitambaa kinachoning'inia na chochote anachoweza kuingia chini yake. Karatasi za kutandika sakafu ya kizimba zikae chini ya wavu asizifikie, au utumie wavu mtupu na sinia. Ziba nyuma ya kochi kwa ubao au sogeza kochi ligusane na ukuta. Droo zifungwe, na mapazia marefu yakunjwe anapotolewa nje. Wiki ya kwanza atauma zaidi, kwa sababu ametolewa kwenye nyumba aliyoijenga. Hapo ndipo wengi wanamhurumia na kumrudishia kikapu chake, na hesabu inaanza upya.

La pili ni mwanga, na hapa tunataka kusema jambo ambalo wafugaji wa huku hawaambiwi. Vitabu vingi vya ndege vimeandikwa Ulaya na Marekani. Vinasema subiri majira ya baridi, siku zikifupika homoni zitashuka zenyewe. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki dakika 20. Ukisubiri siku zifupike utasubiri mpaka ndege azeeke. Kinachomwamsha cherero wa huku ni chakula kingi, mvua, uwepo wa tundu la kutagia, na taa za nyumbani. Jua letu linazama karibu saa 1 jioni, lakini kizimba kikiwa sebuleni pamoja na runinga, kwa ndege jua linazama saa 5 usiku. Anaishi siku ya saa 16 au 17, siku ambayo hakuna cherero wa porini aliyewahi kuiona.

Mpe giza la saa 12. Saa 1 jioni kizimba kihamie chumba kisicho na taa wala runinga, au kifunikwe. Saa 1 asubuhi kifunuliwe. Kanga moja haitoshi kwa kuwa inapitisha mwanga. Tumia kitambaa kizito cha rangi nyeusi, na upande mmoja unaotazama ukuta uache wazi sentimita 10 hivi hewa iingie, maana joto la nyumba za bati si la kuchezea. Usimpeleke jikoni hata kama ndiko kwenye giza. Moshi wa mkaa na mvuke wa sufuria zenye utando wa kuzuia kunata zikiungua unaua ndege kwa muda mfupi sana. Mchana usimfunike, kwani kizimba chenye giza mchana kinageuka pango, na pango ni kiota.

Mkono nao ubadilike. Mguse kichwani na shingoni tu. Mgongoni, chini ya mbawa, tumboni na kwenye mkia pabaki kwa mwenzi wake. Usimwache ajisugue mkononi au aingie ndani ya nguo, kwenye mkono wa shati au chini ya nywele. Akianza kuinama, usimkaripie. Mweke mezani, mpe kijiti cha kutafuna, na ugeukie shughuli nyingine.

Kuhusu chakula hukutueleza, lakini tunabahatisha kwamba anakula wali, ugali laini, mkate uliolowekwa kwenye maziwa na yai la kuchemsha. Vyakula laini na vyenye mafuta ni vile ambavyo ndege mzazi hutafuta kwa ajili ya makinda, na mwili wake unaelewa hivyo. Viondoe kwa sasa. Kwa siku mpe kijiko kimoja cha chakula kisichofurika cha mchanganyiko wa ulezi, uwele na mtama, na mboga kiasi kilekile au zaidi: majani ya maboga, sukuma wiki, karoti iliyokunwa, pilipili hoho. Mchicha ni mzuri lakini usiwe wa kila siku. Alizeti punje 5 tu, na hizo ziwe zawadi za mafunzo. Parachichi kamwe, ni sumu kwake. Tunaposema punguza hatumaanishi umshindishe njaa. Mpime kila wiki, asubuhi kabla hajala, kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Fischer mwenye afya huwa kati ya gramu 43 na 58. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake wa kawaida, ongeza nafaka na umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Halafu kizimba chenyewe. Siku moja akiwa nje, badilisha kila kitu mahali pake: vijiti vya kutulia, vyombo, vitu vya kuchezea. Rudia kila baada ya siku kumi hivi. Eneo asilolizoea halilindi kwa nguvu. Usafi na maji vifanyike akiwa nje, au umwombe fundi wa kuchomelea akukatie vidirisha viwili vya sentimita 10 kwa 8 usawa wa vyombo, ili uvitoe bila mkono kuingia ndani. Ni kazi ya nusu saa, na tungeiweka mbele ya dawa yoyote. Fundi akitumia waya mpya wa mabati, uusugue kwa brashi na siki, uusuuze na kuukausha kabla ndege hajarudi, kwa sababu zinki inayobanduka ikimezwa inamdhuru. Nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 1 na milimita 3.

Mafunzo yafanyike mbali na kizimba, chumba kingine ikiwezekana. Chukua kijiti kikavu cha mpera chenye unene wa kidole kidogo na urefu wa sentimita 30. Kiweke mbele ya miguu yake, juu kidogo ya vidole; akipanda, punje moja ya alizeti. Dakika 5 asubuhi, dakika 5 jioni, basi. Kijiti kinampa kitu cha kupanda ambacho si mume wala mvamizi. Akishazoea, kifupishe kidogo kidogo mpaka afikie kidole.

Jifunze pia kumsoma kabla hajauma. Cherero anayekaribia kuuma hunyoosha mwili mbele, manyoya ya kisogoni yanasimama, mbawa zinaachana kidogo na mwili, mdomo wazi. Ukiona hivyo, mkono urudi nyuma taratibu, usiendelee kwa ubishi. Akishauma usipige kelele wala kutikisa mkono: kelele zinamfurahisha, na kutikiswa kunamfanya ang'ang'anie. Teremsha mkono mpaka mezani ashuke, kisha wewe angalia pembeni kwa dakika moja. Usimrudishe kizimbani kila anapouma. Kama kizimbani ndiko anakotaka, utakuwa umemfundisha kwamba kuuma ndiyo nauli ya kurudi nyumbani. Mabadiliko hutarajiwa kati ya wiki 3 na 6, si kesho.

SWALI: Niliuziwa lavubedi wawili, muuzaji akaniambia huyu dume huyu jike, alimshika mmoja mmoja tumboni akasema ana uhakika. Nikawawekea sanduku. Nimekuta mayai 11. Wiki tano zimepita, hakuna hata kifaranga, na sasa wanagombana wakiwa ndani ya sanduku mpaka manyoya yanaruka. Nimletee dume mwingine? (Kaka wa Kirumba)

JIBU: Usilete ndege wa tatu, kaka. Una majike wawili. Jike mmoja hutaga mayai 4 hadi 6, yai moja kila baada ya siku moja, na huyaatamia kwa siku 23 hivi. Mayai 11 katika sanduku moja ni ya mama wawili, na hayana mbegu.

Cherero wa Fischer dume na jike hawatofautiani kwa macho. Alichofanya muuzaji ni kupapasa mifupa ya nyonga, ambayo kwa jike anayetaga huachana. Lakini kwa ndege mchanga, mnene, au jike asiye katika msimu wa kutaga njia hiyo ni kama kurusha sarafu. Wala usidanganyike na kuwaona wakilishana au kupandana, kwani majike wawili waliozoeana hufanya yote hayo. Ushahidi ni yai, au kipimo cha vinasaba kinachofanywa kwa manyoya machache yaliyong'olewa.

Kwanza yamulike mayai kwa tochi ya simu chumbani kwenye giza. Yai lenye uhai, tangu siku ya 7, lina nyuzi nyekundu za damu. Lililo wazi au la njano tupu halina kitu, na kwa wiki tano hayo yako ni hivyo. Kwa kuwa siku za kuatamia zimekwisha, yaondoe yote kwa pamoja na sanduku pia, siku hiyohiyo. Sanduku ndilo wanalogombania. Likitoka, majike wengi hurudia kukaa pamoja bila shida, na hakuna ubaya wowote wa kufuga majike wawili. Wakiendelea kumwagana damu, watenganishe vizimba viwili vinavyoonana.

Ukileta dume, atamchagua mmoja. Aliyechaguliwa atamfukuza mwenzake kona hadi kona, na katika kizimba kidogo hiyo huishia kwa kifo.

SWALI: Lavubedi wangu anakaa peke yake lakini anataga. Nikitoa yai analeta jingine, hii ni mara ya tatu tangu vuli ianze. Jirani yangu ni muuguzi mstaafu, ananishauri tumchome kidogo ile sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Ni salama? (Mama wa Igoma)

JIBU: Hapana, mama, na tafadhali mshukuru jirani lakini msifanye hivyo. Dawa iliyo kwenye sindano hiyo iliwahi kutumiwa na madaktari wa ndege kuzuia utagaji, na wengi wameiacha kwa sababu ya madhara: unene wa ghafla, ini kujaa mafuta, kisukari, na vifo. Tena dozi ya mwanamke wa kilo 60 haigawanyiki kwa macho mpaka ikamfaa ndege wa gramu 50. Vidonge vya uzazi vilivyosagwa kwenye maji ni vivyo hivyo. Zipo dawa za homoni kwa ndege, lakini ni za daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa ndege, na huja baada ya mengine kushindwa.

Kosa liko kwenye kutoa yai. Mwili wa cherero unajaza idadi. Ukiondoa moja, anatengeneza jingine, na kila ganda linachotwa kwenye chokaa (kalisi) ya mifupa yake. Safari hii muache atage mpaka amalize, kisha ayalalie. Kwa kuwa hana dume hayataanguliwa. Kama kungekuwa na dume, ungeyachemsha dakika 10, yapoe kabisa, uyarudishe. Likipasuka moja, badala yake weka yai bandia la udongo wa kufinyanga lililochomwa na lisilopakwa rangi, urefu wa sentimita 2 na kidogo. Baada ya wiki 3 hadi 4 atachoka na kuyaacha mwenyewe. Hapo ndipo unapoyaondoa yote, na palipokuwa na kiota paondolewe. Kisha fuata yale tuliyomwambia dada wa Nyegezi: giza la saa 12, mkono usiopapasa mgongo, chakula kisicho laini.

Wakati huu anapotaga, chokaa ni lazima. Ganda la yai la kuku lililochemshwa dakika 10, likakaushwa na kusagwa, liwe kwenye kisahani chake peke yake, achukue anavyohitaji. Usimpe chakula cha kuku wa mayai kama mlo wake. Chokaa iliyomo ni ya kuku anayetaga karibu kila siku, na kwa ndege asiyetaga inaharibu figo. Dagaa wa ziwani aliyetiwa chumvi naye asimpate. Chokaa haifanyi kazi bila jua, na jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halihesabiki. Mtoe nje dakika 15 hadi 30 kabla ya saa 4 asubuhi, nusu ya kizimba ikiwa kivulini, na usiondoke. Mwewe wa Mwanza wanaonyang'anya samaki sokoni hawatamwonea haya ndege wako.

Jambo moja la kulichunga usiku na mchana ni yai kukwama. Jike amejivimbisha manyoya, amekaa sakafuni, anakamua, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, pengine mguu mmoja hauna nguvu. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Mweke kwenye boksi dogo lenye chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo, joto lifike nyuzi 30 hivi, na bakuli la maji ya moto pembeni mahali asipolifikia ili hewa iwe na unyevu. Mpigie daktari wa mifugo ukiwa unafanya hayo, si baada. Usimkamue tumbo. Yai likipasukia ndani, ndege haponi kirahisi.

SWALI: Mwangaluka wahariri. Nimewanasa wanne kwenye mtama wangu, wa kijani wenye kichwa cha chungwa. Nimewaweka kwenye tenga. Wanauma kama nyoka na hawali. Nitawatulizaje ili niwafuge au niwauze mjini? (Mkulima wa Magu)

JIBU: Mwangaluka mzee wetu. Waachie, leo, palepale ulipowanasia. Kukamata, kufuga au kuuza mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na ndege wamo. Ukali wao si wa homoni, ni woga. Cherero mzima wa porini hafugiki kwa upole, na asipokula siku moja au mbili anakufa.

Ndege huyu asili yake ni Tanzania ya kaskazini, kuanzia Serengeti hadi kusini mwa ziwa, Ukerewe ikiwemo. Katika miaka ya 1980 alinaswa na kusafirishwa nje kwa wingi kiasi kwamba idadi yake porini ilishuka, na hadi leo yumo kwenye orodha ya kimataifa ya ndege walio karibu kutishiwa. Mtama wako tunaujali pia: funika masuke kwa vifuko vya wavu au karatasi yanapoanza kukauka, na uvune mapema, kwa sababu hasara kubwa ni ya siku zile za mwisho suke linapobaki shambani bila sababu. Kwa wasomaji wa mjini, mkinunua cherero ombeni kuona kibali cha muuzaji. Na mkimchoka msimwachie porini. Kule Naivasha, Kenya, cherero wa Fischer na wale wa uso mweusi waliotoka vizimbani wamechanganyika na kuzaa machotara.

SWALI: Nilikuwa na lavubedi mmoja, nikamnunulia mwenza asiwe mpweke. Nimemtia tu kizimbani jioni, asubuhi nimekuta mgeni hana kidole kimoja na damu imetapakaa. Niliwakosea wapi? (Msomaji wa Buzuruga)

JIBU: Kwanza damu. Ndege wa gramu 50 ana damu ya mililita 5 tu, kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo matone kumi au kumi na tano si kidogo. Bonyeza jeraha kwa pamba iliyochovywa kwenye wanga wa mahindi mkavu kwa dakika 3 hadi 5 bila kuchungulia. Usimbane kifua unapomshika, ndege hupumua kwa kutanua kifua. Kidole kilichokatika aone daktari wa mifugo.

Mgeni aliingizwa katika nyumba ya mwenyewe, usiku, bila njia ya kukimbia. Cherero hushambulia vidole vya miguu kwa sababu ndivyo vilivyo karibu na mdomo wake wakati anayeshambuliwa anapong'ang'ania wavu. Akipona, anza upya. Mgeni akae chumba kingine siku 30 hadi 45, kwanza kwa sababu ya magonjwa. Baadaye vizimba viwili viwekwe sambamba, vikiachana sentimita 15 ili midomo isifike miguu, kwa wiki 2 angalau. Ukiona wanalala pande zinazokaribiana na kula wakati mmoja, watoe wote wawili nje mahali ambapo hapana mwenyewe, asubuhi, ukiwepo, dakika 20. Rudia kila siku kwa wiki moja. Kizimba cha kuwaweka pamoja kiwe kipya kwa wote, au cha zamani kilichopangwa upya, urefu usiopungua sentimita 80, chenye vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji kwenye pembe zinazopingana. Waingie kwa pamoja. Kiota kisiwepo kabisa.

Na wapo wasiopatana milele. Hilo likikutokea, vizimba viwili, nawe usijilaumu. Ila cherero na bajirigari, kasuku mwingine mdogo wa kufugwa, msiwachanganye hata kwa majaribio, bajirigari hana ubavu huo.

SWALI: Dume wangu anacheulia kioo cha kizimbani na simu yangu, anatikisa kichwa na kutoa nafaka. Anaumwa? (Mwanafunzi, Butimba)

JIBU: Anatongoza. Dume humlisha jike kwa kucheua, na kioo kinamwonyesha "jike" asiyeshiba. Ondoa kioo, na simu yenye uso unaong'aa isiwe kitu chake cha kuchezea. Tofauti na ugonjwa ni hii: anayetongoza hupandisha na kushusha kichwa na kuweka chakula mahali anapopataka, kisha anaendelea na maisha. Mgonjwa hutikisa kichwa kushoto na kulia, chakula kinaruka na kumgandia kichwani, naye amenyong'onyea. Huyo wa pili apelekwe kwa daktari.

SWALI: Fundi wa ndege mtaani anasema anaweza kumkata ncha ya mdomo ili asiumize. Na mbawa je? (Msomaji wa Nyakato)

JIBU: Mdomo, hapana kabisa. Chini ya ile gamba kuna mfupa, damu na neva. Ukikatwa anavuja damu, anashindwa kumenya nafaka, na akipona bado anauma. Kukata mbawa nako hakupunguzi homoni hata kidogo, na ndege asiyeweza kuruka mbali nawe anabakiwa na njia moja tu ya kukuambia hataki. Kama sababu nyingine inakulazimu, mfano milango isiyofungika, yakatwe manyoya marefu 4 hadi 5 ya nje ya kila bawa, pande zote mbili sawasawa, chini ya mstari wa manyoya yanayoyafunika. Unyoya ambao shina lake bado ni jeusi au la buluu una damu ndani, usiuguse.